Ukuta wa kwanza wa mama yangu ulikuwa kosa langu

Wasee, leo hakuna video. Leo mtasoma, na mkichoka mpumzike mrudi.

Wale mmekuwa hapa kitambo mnakumbuka nikiposti ule ukuta wa mama yangu kule Joska. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sketi ya kanisa, mkono kiunoni, nikaandika "Tunapanda juu tu!" Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilikuwa nimeposti hadi siku hiyo. Watu walilia kwa komenti. Mmoja akasema nimemfanya ampigie mamake simu. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba wiki tatu baadaye ule ukuta ulikuwa chini, na walioubomoa ni sisi wenyewe.

Nimekaa na hii stori mwaka mzima. Naiandika sasa kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa inboksi mama alijenga na nini, na kama nina namba ya fundi. Namba ya fundi yule sitampa mtu. Lakini kuhusu mawe nina mengi ya kusema.

Kwanza mjue mimi sikutaka mawe. Nilikuwa nimeona video za watu wamegeuza kontena kuwa nyumba, taa za manjano, maua kwa dirisha, na nikamwambia mama hiyo ndiyo njia, wiki mbili umeingia. Nikamwonyesha kwa simu. Aliangalia mpaka mwisho, maana mathe ana heshima, kisha akasema, "Ni mzuri. Lakini mimi nataka mawe."

Tulikuwa tunaishi Mukuru nikiwa darasa la tatu. Moto ulianza usiku, upande wa chini, na kama umewahi kuishi kwa nyumba za mabati unajua moto wa kule hautembei, unakimbia. Bati lenyewe haliwaki, lakini limepigiliwa kwa mbao, na mbao ya jirani yako iko karibu na yako kama kidole na kucha. Tulitoka na blanketi moja na cheti changu cha kuzaliwa. Asubuhi tuliporudi kuangalia, safu yetu yote ilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesimama: choo cha plot, kwa sababu landilodi alikuwa amekijenga na mawe. Kilikuwa kimekuwa cheusi nje lakini kuta zote nne ziko. Mama alicheka. Nakumbuka nikishangaa kwa nini anacheka. Akasema, "Choo kimejengewa vizuri kutuliko."

Kwa hivyo chama chao kilipowanunulia kaploti Joska miaka mingi baadaye, suala la kontena halikuwa na nafasi. Alitaka kitu ambacho moto ukija unakuta hakuna cha kula.

Na ukweli ni kwamba mama, bila kusoma popote, alikuwa sahihi. Jiwe haliwaki. Ukuta wa mawe unaweza kufanya moto ukwame kwa chumba kimoja muda wa kutosha watu watoke. Jiwe pia ni zito, na huo uzito unafanya kazi mchana na usiku. Jua la Joska likipiga, jiwe linameza joto polepole, kwa hivyo saa nane mchana ndani bado kuna afadhali, halafu usiku baridi ikishuka ukuta unarudisha lile joto kidogo kidogo. Linganisha na mabati: saa nane mko ndani ya sufuria, saa tisa usiku mko ndani ya friji. Kelele pia. Kule tulikokuwa tunakodisha nilikuwa najua jirani anaota nini.

Haya, tulikubaliana mawe. Sasa nani ajenge?

Mama alitaka tumngoje mjomba wangu, mdogo wake, ambaye amekuwa fundi wa mawe tangu kabla nizaliwe. Lakini mjomba alikuwa kwa kazi Kitui na alisema tungoje miezi miwili. Mimi, na haraka zangu, nikasema hapana. Kulikuwa na fundi nilikuwa namfuata mtandaoni. Jamaa alikuwa na video safi sana: muziki, ramani, nyumba inainuka kwa sekunde thelathini. Bei yake ilikuwa chini ya kila mtu. Nikampigia, akaja na shati ya kola, akamwita mama "mzazi." Mama akaniangalia, nikamwambia, "Huyu anajua, mum." Pesa zangu za kwanza za tangazo zilikuwa ndani ya ile kazi, kwa hivyo alinisikiza.

Nikupe picha kidogo ya mahali penyewe. Joska sehemu kubwa ni ule udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, nyufa unazoweza kuingiza mkono. Ukijenga juu yake, nyumba inapanda na kushuka na misimu kama mtu anayepumua. Lazima uchimbe uutoe mpaka ufike chini kwa mwamba au murram ngumu. Hiyo msingi, namshukuru Mungu, ilichimbwa na vijana wa pale pale ambao wanajua udongo wao, na walichimba mpaka wakagonga jiwe. Kama pia msingi ungekuwa wa yule jamaa, sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Ukuta ulipanda haraka. Safu sita kwa siku moja na nusu! Hapo ndipo nilipiga ile video.

Mjomba alikuja Jumapili, kusalimia tu. Alikula chapati, akanywa chai, kisha akatoka nje bila kusema kitu. Nilimwona kwa mlango akizunguka ule ukuta, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Akatoa uzi mfukoni, akafunga kijiwe mwisho wake, akaushikilia juu ya ukuta uning'inie. Hiyo ndiyo timazi, kifaa cha tangu zamani za mafarao na bado hakuna programu ya simu imekishinda. Juu uzi uligusa ukuta. Chini vidole vitatu vilipita katikati ya uzi na jiwe. Ukuta ulikuwa unainamia nje.

Halafu akachukua msumari akakwaruza katikati ya mawe mawili. Mota ilimwagika kama unga wa ugali. Akaendelea kukwaruza, ikaendelea kumwagika.

Akanionyesha kitu kingine, ambacho nilikuwa nimekiangalia wiki nzima na sikukiona. Mstari wa wima kati ya mawe mawili ulikuwa umeanguka juu ya mstari wa wima wa chini yake, na huo juu ya mwingine, mpaka chini kabisa. Mstari mmoja mrefu kama zipu. "Mawe yanafaa yashikane mikono," alisema. "La juu likanyage mawili ya chini. Haya yamesimama tu pamoja, kama watu kwa steji."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na vikombe. Akauliza, "Si tunaweza kupiga plasta tu, ishike?"

"Plasta ni nguo, dada. Huwezi kumvisha mgonjwa suti useme amepona."

Hakuna mtu aliniangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tuliingia stoo tukahesabu simiti. Kawaida ya mjomba ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa wilibaro mbili hivi za mchanga. Kijana mmoja aliyekuwa mkono wa yule fundi alikuja kutuambia, kwa sauti ya chini, kwamba wao walikuwa wanaweka wilibaro tano. Mifuko sita tuliyonunua haikuwa stoo na haikuwa ukutani. Nilimpigia fundi. Simu iliita mara tatu siku hiyo, na tangu siku hiyo haijawahi kuita tena.

Mama aliosha vikombe vyote, hata vile vilikuwa safi. Kisha akasema, "Bomoeni kesho. Mapema, kabla majirani waamke."

Mnajua kitu cha kuchekesha? Ilikuwa rahisi sana. Mota ilikuwa dhaifu hivi kwamba mawe mengi yalitoka mazima, unagonga mara mbili linakuja mkononi. Kufika saa tatu asubuhi hakukuwa na ukuta. Mawe tuliyaokoa karibu yote. Tulichopoteza ni simiti, mchanga, ufundi na muda, na kulipia hivyo vyote mara ya pili, mama alitoa pesa alizokuwa ameweka za mabati ya paa. Alilipa kodi miezi mitano zaidi kwa sababu yangu. Hajawahi kulisema. Mimi ndio nalisema.

Mjomba aliomba ruhusa Kitui akaja kujenga, na akasema hatalipa mkono kama kuna mtu wa nyumbani mwenye deni. Kwa hivyo kila Jumamosi na Jumapili kwa miezi miwili, huyu mnayemwona na kucha za kubandika alikuwa akibeba karai.

Jiwe tulilotumia ni la Ndarugo, kutoka pande za Juja. Ni majivu ya volkano ya kale yaliyoshikana mpaka yakawa jiwe, ndiyo maana mashine inaweza kulikata kama mkate na bado linabeba nyumba. La inchi 9 kwa 9 liliingia kwa msingi, la 6 kwa 9 likapanda ukuta. Kabla ya kulipanga unalimwagia maji, kazi ambayo nilidhani ni upuzi mpaka mjomba akaniambia niweke mota kwa jiwe kavu nione. Lilifyonza maji yote dakika hiyo hiyo, mota ikabaki mchanga. Simiti haikauki kama nguo, simiti inakula maji ndiyo ishikane. Ukiinyima maji inakufa njaa. Kwa hivyo pia ukuta ukishasimama unaunywesha asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na Joska maji yanakuja kwa punda, mtungi wa lita 20 kwa wakati, na mama analipia kila mtungi. Hapo ndipo mafundi wa haraka huokoa pesa. Hapo ndipo nyufa huzaliwa.

Pembe zinajengwa kwanza. Unavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, na kila jiwe linaletwa mpaka karibu liguse uzi, lisiguse. Kila baada ya safu mbili unalaza ukanda mwembamba wa chuma ndani ya mota, uzunguke nyumba. Mjomba hakukubali ukuta upande zaidi ya safu tano au sita kwa siku hata jua likiwa bado juu, kwa sababu mota ya chini ikiwa mbichi, uzito wa juu unaifinya na ukuta unaanza kuhama. Nilimuuliza ile safu sita kwa siku moja na nusu si ni sawa basi? Akasema idadi ni sawa, ila pima maji haikutolewa kwa mfuko hata mara moja. Mota ikikaa kwa karai zaidi ya saa mbili, anaimwaga. Siku moja nilimwona akimwaga na nikaumia moyo kuliko yeye, nikihesabu shilingi.

Na nikaelewa kitu kimoja ambacho shule ilinipita kabisa. Jiwe linapenda kufinywa, halipendi kuvutwa. Ukilipanga juu ya lingine, uzito unashuka moja kwa moja hadi chini na kila jiwe liko raha. Lakini ukililaza juu ya dirisha bila kitu, upande wake wa chini unavutika na linapasuka. Ndiyo sababu juu ya kila mlango na dirisha kuna linta, ile boriti ya zege yenye vyuma ndani. Chuma kinashughulika na kuvutwa, zege na mawe yanashughulika na kubeba. Siku hizi nikipita kwa jengo naangalia juu ya madirisha. Siwezi kujizuia. Marafiki wamechoka.

Sasa hii jambo la "mtu wa mjengo." Mnajua vile tunalitumia. Viatu vikiwa na vumbi, "si umekaa mtu wa mjengo." Ukila chakula kingi, mjengo. Ukiongea na sauti kubwa kwa matatu, mjengo. Mimi nimelitumia kwa video, zaidi ya moja, na mnaweza kuzitafuta. Halafu tunarudi nyumbani jioni, ghorofa ya nne, tunafunga mlango, tunalala juu ya kazi ya yule yule mtu tukiamini alipima.

Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita Huruma lilianguka usiku na watu wakiwa ndani. Takriban watu 50 walikufa. Kuna mtoto mchanga aliyetolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu chini ya kifusi, wengi wenu mnakumbuka ile habari. Nilikuwa mdogo na nilidhani majengo huanguka kama mvua inavyonyesha, ni mambo ya Mungu tu. Siku hizi nikisikia jengo limeanguka nauliza nani alikuwa anaangalia simiti, nani alipiga sahihi, nani aliona ufa akanyamaza.

Maana mawe yenyewe hayana shida. Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila simiti, bila chokaa, bila hata udongo, na zimesimama tangu karibu karne ya 16. UNESCO waliziingiza kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Zinashikana kwa sababu kila jiwe lilichaguliwa likae pale. Fort Jesus pale Mombasa ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596 na mawe ya matumbawe, yale ya baharini, na imepigwa mizinga na wenyewe wengi mnaenda kupiga picha hapo mkiwa na aiskrimu. Lamu nyumba za mawe na chokaa zina kuta nene hivi kwamba ukiingia kutoka juani unahisi kama umefungua mlango wa mtungi. Watu wetu walijua mawe kabla ya injinia yeyote kuja na plani.

Sitadanganya kwamba ni raha tupu. Mawe ni mazito, kwa hivyo msingi unakula pesa kabla hujaona chochote juu ya ardhi. Ni polepole. Machimbo yakiisha yanaachwa wazi, yanajaa maji ya mvua, na watoto wamezama humo. Vumbi la kukata jiwe linaingia mapafuni, na vijana wengi wanaolikata hawana hata barakoa. Kuna wale wanajenga na matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na simiti kidogo, yale yanayofungamana bila mota nyingi, na kama udongo wako unakubali na mashine iko karibu, fikiria hiyo pia. Mimi sifanyi tangazo la Ndarugo. Ningekuwa nalipwa mngejua.

Ila ukiamua mawe, nakuomba usifanye kama mimi. Usimchague mtu kwa muziki wa video yake. Nenda uone ukuta aliojenga miaka mitano iliyopita, uongee na mwenye nyumba fundi akiwa hayuko. Hesabu mifuko asubuhi na jioni. Beba msumari. Kukwaruza ukuta wako si madharau, na fundi mzuri atakuonyesha mahali pa kukwaruza.

Mama aliingia Agosti. Vyumba viwili, sakafu bado ni zege tupu, plasta ya nje hakuna. Mjomba alipiga kii tu katikati ya mawe, ile mistari safi, na mama amesema haipaki plasta kamwe, anataka kuona kila jiwe liko wapi. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha na sikulala. Nilikuwa na tochi ya simu nikipapasa pembe za chumba nikitafuta unyevu. Saa tisa mama akasema kutoka gizani, "Wewe, zima hiyo kitu ulale."

Ile video ya kwanza bado iko kwa ukurasa wangu. Bado inapata hongera, hata jana imepata mbili. Sijaifuta. Leo nimebandika komenti yangu juu kabisa: ukuta huu haupo tena, soma kwa nini.